Kubandua na Kuandika Upya: Kutoka Mabandiko ya Mitandao ya Kijamii hadi Waraka wa Barua Pepe

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza kazi ambayo siku hizi hufanywa katika idara za lugha bila ya kufikiriwa sana, nayo ni kuyakusanya maandishi mafupi yaliyokwisha kutolewa katika mitandao ya kijamii na kuyageuza yawe waraka unaopelekewa wasomaji kwa barua pepe. Aghalabu kazi hiyo hukabidhiwa mwanafunzi mwenye ujuzi wa kompyuta, kana kwamba ni kazi ya kuhamisha viti kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Maoni yetu ni kwamba jambo hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi. Maandishi ya mtandaoni huyategemea mno mazingira yake: saa yaliyotolewa, picha iliyoambatana nayo, watu waliokuwapo na majibu waliyotoa. Yakihamishwa bila ya mazingira hayo, sarufi yake yenyewe huanza kusema uongo.

Istilahi

Kwanza tuafikiane juu ya maneno mawili. Yale maandishi mafupi ya mtandaoni wengine huyaita "posti", na wengine "machapisho". Neno la kwanza limezoeleka katika mazungumzo. La pili lina kasoro kwetu sisi wa vyuo vikuu, kwa kuwa chapisho kwetu ni kitabu au makala yaliyopigwa chapa, na mhadhiri akisema kwamba ana machapisho 40 ni haki yetu kujua kama anaomba kupandishwa cheo. Katika makala haya tutatumia neno "bandiko", ambalo nalo limeenea, kwa sababu linatuonyesha jambo lenyewe. Kubandika ni kukitia kitu juu ya kingine kikagandama, kama tangazo ukutani. Tena Kiswahili kinatupa papo hapo kitenzi cha kutendua: kubandua. Tangazo likibanduliwa huacha alama ukutani, na pengine pembe zake hupasuka.

Neno la pili ni "waraka". Wengi husema "jarida la barua pepe", na hatuna ugomvi na jina hilo. Lakini waraka ni maandishi yanayopelekwa kwa mtu. Yana tarehe, yana mpelekaji anayejulikana, na yana mpelekewa. Tofauti kati ya kilichobandikwa njiani na kilichopelekwa nyumbani kwa mtu ndiyo msingi wa yote yatakayofuata.

Ukuta si mali yetu

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mabandiko yameshasomwa na watu, ya nini kuyahamisha? Jibu la kwanza ni la umiliki. Mtandao uliojulikana kwa jina la Twitter ulianza mwaka 2006, ukawapa watu nafasi ya herufi 140 kwa kila bandiko. Novemba 2017 nafasi hiyo ikaongezwa kuwa 280. Julai 2023 hata jina lilibadilishwa, ukaitwa X. Mtandao wa Google+ ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwezi wa Aprili 2019, na maandishi yao yakafutwa. Mwenye ukuta akiubomoa, matangazo huenda na ukuta. Na hata ukuta ukiwapo, si sisi tunaoamua nani aone nini: mashine ya kampuni ndiyo inayopanga bandiko lipi litangulie na lipi lifichwe. Barua pepe, kinyume chake, haina mwenyewe mmoja. Tangu Ray Tomlinson alipopeleka ujumbe wa kwanza wa namna hiyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971, kila aliye na orodha ya anwani ameweza kubadilisha mpelekaji bila ya kuwapoteza wasomaji wake.

Jibu la pili ni zito zaidi kwa wanalugha. Katika mjadala wa mtandaoni juu ya neno moja, mara nyingi hutokea mtu akaandika kwamba kwao Lamu au Mombasa wazee husema "mato" kwa macho na "kitwa" kwa kichwa, kisha mwingine akaongeza methali yenye neno hilo, na wa tatu akasema kwamba kijijini kwao neno hilo lina maana nyingine kabisa. Ushahidi wa namna hii ndio ule ambao mtafiti wa zamani alisafiri na kinasa sauti kuutafuta. Sasa unajileta wenyewe, na kwa muda wa siku mbili tatu unazikwa chini ya mabandiko mengine, usipatikane tena ila na anayekumbuka kwamba uliwahi kuwapo. Kwa lugha ambayo kamusi zake bado zina mapengo makubwa katika lahaja, hiyo si hasara ndogo.

Viashiria na wakati

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa namna ambayo kila msomaji ameiona. Idara inabandika maneno haya:

"Jana mlitutoa jasho! Tarakilishi au kompyuta? Haya, tazameni picha hii. Jibu limetoka, someni hapo chini."

Mtandaoni bandiko hili ni zuri. Lina uhai, na kila aliyelisoma siku ile alilielewa. Sasa lichukuliwe lilivyo, litiwe katika waraka utakaosomwa wiki tatu baadaye. "Jana" ni lini? Kiswahili ni tajiri katika kuzihesabu siku kutokana na siku ya msemaji: tuna juzi, jana, leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, na hata mtondogoo ambayo wanafunzi wetu huijua kwa ajili ya mtihani tu. Lakini maneno yote hayo yamefungwa kamba kwenye siku ya kusema. Msemaji akisogea, nayo husogea. "Jana" iliyokuwa kweli Jumanne ni uongo Ijumaa.

"Picha hii" nayo ina dhiki yake. Mfumo wetu wa viashiria, hii na hiyo na ile, unapima umbali baina ya msemaji, msikilizaji na kitu. Picha ikiwa juu ya bandiko, "hii" inatosha. Katika barua pepe, programu nyingi huzizuia picha mpaka msomaji atoe ruhusa, na msomaji anayenunua bando kwa shilingi zake mwenyewe hana sababu ya kuharakisha kuitoa. Atabaki na "hii" isiyoelekea popote. Na "hapo chini"? Chini ya bandiko palikuwa na majibu ya watu 60. Chini ya waraka kuna anwani ya idara.

Jambo lililojificha zaidi ni kiambishi -me-. Kusema "jibu limetoka" ni kusema kwamba tendo limekwisha na matokeo yake yangali mbele yetu. Mabandiko yamejaa -me-, kwa kuwa ni maandishi ya papo kwa papo: kitabu kimetoka, mkutano umeahirishwa, mshairi amefariki. Mhariri anayebadilisha tarehe akaiacha -me- amefanya nusu ya kazi. Katika waraka, mengi ya hayo yanataka -li- pamoja na tarehe: kitabu kilitoka tarehe fulani, mkutano uliahirishwa. Machache yataendelea kustahili -me-, na kuyapambanua ni kazi ya mtu anayeijua lugha. Tofauti na hayo, sentensi zenye hu- ya mazoea husafiri salama bila ya kuguswa. "Watu wa Tanzania husema kompyuta" haina tarehe ya kuoza.

Mfano wetu ungeweza kuandikwa upya hivi: "Tarehe 4 Machi tuliwauliza wasomaji kama husema tarakilishi au kompyuta. Siku ya pili yake tulionyesha ukurasa wa kitabu cha shule ambamo maneno yote mawili yametumika. Wengi wa waliojibu kutoka Kenya walilitambua neno tarakilishi, lililoundwa kutokana na tarakimu na akili, wakasema kwamba walifundishwa shuleni. Waliojibu kutoka Tanzania wengi walishikilia kompyuta." Maneno yameongezeka na jasho limepungua, ni kweli. Lakini anayesoma waraka huu baada ya miaka mitano ataelewa nini kiliulizwa, lini, na nani walijibu.

Mfano wa Muyaka

Kazi hii ya kuokoa maneno ya papo kwa papo si ngeni katika Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi kwa kujibu matukio ya mji wake: ushindani wa Wamazrui na Seyyid Said, majibizano na washairi wa Lamu, mambo ya mapenzi, njaa na fitina za mitaani. Waliomsikia hawakuhitaji kuelezwa nani anapigwa kijembe. Baada ya kizazi kimoja au viwili, mafumbo hayo yangebaki kuwa sauti tamu zisizo na maana, lau si Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaeleza. W. Hichens aliyatoa katika diwani mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akayatolea uchambuzi mpana katika kitabu chake cha mwaka 1979.

Tunautaja mfano huu si kwa sababu kila bandiko la mtandaoni ni shairi la Muyaka. Mungu atuepushe na dai hilo. Tunautaja kwa sababu ya alichokifanya Sikujua. Hakutosheka kuhifadhi maneno. Alihifadhi pamoja nayo sababu ya kusemwa kwake: nani alikuwa akijibiwa, tukio gani lilikuwa limetokea, neno lile lilikuwa na maana gani Mvita wakati ule. Mhariri wa waraka wa idara yuko katika nafasi hiyo hiyo, ila ana bahati ambayo Sikujua hakuwa nayo, kwamba waliosema bado wako hai na anaweza kuwauliza.

Nafsi

Bandiko huzungumza na umati. "Mwasemaje?" "Njooni!" "Nani anakumbuka?" Waraka hufunguliwa na mtu mmoja, pengine ndani ya matatu, pengine usiku baada ya kusahihisha karatasi za mtihani. Je, mwandishi amwite "wewe" au "ninyi"? Kiingereza, chenye neno moja kwa wote wawili, hakilazimiki kuchagua. Sisi hatuna kinga hiyo, kwani kiambishi u- au m- kitatufichua katika kila kitenzi. Binafsi napendelea umoja wenye heshima, "ndugu msomaji", kisha nafsi ya tatu panapowezekana. Lakini nimeona waraka mzuri uliotumia wingi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa wasomaji wake walikuwa wanachama wa chama kimoja waliofahamiana. Kisichovumilika ni kuchanganya, na kuchanganya huku hutokea mara tu mabandiko manne yenye nafsi tofauti yanapowekwa safu moja bila ya kuhaririwa.

Salamu nazo zisidharauliwe. Barua za kale za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilianza kwa kumtaja mpelekewa kwa cheo chake na kumsalimu kwa kirefu kabla ya kuingia katika jambo. Bandiko halina salamu, wala halihitaji, kama vile tangazo la ukutani halibishi hodi. Waraka unaoingia katika sanduku la mtu bila ya salamu wala utambulisho humfanya msomaji wa Kiswahili ahisi kwamba ameingiliwa. Sentensi mbili zinatosha.

Kuunganisha

Mtu anayetaka kueleza jambo refu mtandaoni hulikata vipande, akavipanga kimoja baada ya kingine. Kila kipande hana budi kukifanya kisimame peke yake, kwa kuwa huenda ndicho pekee kitakachosambazwa. Athari yake katika sarufi ya Kiswahili ni dhahiri: -ka- ya masimulizi hutoweka. Mwandishi husema: "Taylor alifika Mombasa. Alikutana na Mwalimu Sikujua. Alikusanya mashairi pamoja naye. Aliyaandikia maelezo." Kila sentensi ina -li- yake, na kila moja yaweza kutembea bila ya mwenzake. Zikiwekwa pamoja katika waraka, zinasikika kama hotuba ya shahidi mahakamani. Kiswahili cha masimulizi kinataka -li- moja ifungue njia, kisha -ka- zifuate: alifika, akakutana, wakakusanya, wakayaandikia. Mhariri anaporejesha -ka- anarejesha pia uwajibikaji, kwa sababu kiambishi hicho hudai kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza. Zaidi ya mara moja mhariri atagundua hapo kwamba mwandishi wa vipande hakuwa na hakika na mfuatano huo, na ukomo wa herufi ulikuwa umemfichia aibu yake.

Kuhusu ukomo huo, wengi hulalamika kwamba Kiswahili hubanwa na uchache wa herufi kwa sababu maneno yake ni marefu. Sina hakika kwamba lalamiko hilo lina uzito wote linaopewa. Neno moja kama "atakayewasomea" hubeba mzigo ambao Kiingereza hubebesha maneno matano au sita. Kinachokatwa na mabandiko si maneno bali viunganishi: basi, ilhali, hata hivyo, kwa kuwa, lau. Navyo ndivyo vinavyobeba hoja.

Maneno ya wengine

Thamani kubwa ya mjadala wa mtandaoni, kama tulivyosema, imo katika majibu. Hapa mhariri anakutana na maswali mawili tofauti, moja la haki na moja la usahihi.

La haki ni hili. Mtu aliyeandika jibu mbele ya watu wote hakukubali kwamba jibu lake lipelekwe kwa barua pepe kwa watu 800. Maandishi yake ni yake, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikuyatoa kwa sababu yalibandikwa hadharani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inahusu jina lake na mahali anapotoka. Adabu ya kitaaluma inatangulia sheria zote mbili: aulizwe. Ujumbe mfupi unatosha, na uzoefu unaonyesha kwamba anayeulizwa huongeza maelezo ambayo hakuyaandika mwanzoni. Asipojibu, maana ya mchango wake ielezwe bila ya jina.

Swali la usahihi ni gumu zaidi. Majibu huandikwa kwa tahajia za vijana: "cjui" kwa sijui, "xaxa" kwa sasa, "hio" kwa hiyo, yana Sheng na Kiingereza ndani yake. Je, mhariri asahihishe? Msimamo wetu ni kwamba manukuu ni ushahidi, na ushahidi hausahihishwi. Jibu likinukuliwa kwa alama za mtajo, libaki na "xaxa" yake. Likielezwa kwa maneno ya mhariri, liandikwe kwa Kiswahili sanifu. Njia ya katikati, ya kunukuu huku ukisafisha kimyakimya, ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtafiti wa kesho atadhani kwamba watu wa Eastleigh waliandika kama wahakiki wa kamusi. Tahadhari hii ina uzito hasa katika lahaja. Mhariri aliyezoea Kiswahili sanifu huona "kitwa" akadhani ni kosa la chapa, naye kwa nia njema kabisa anafuta kile kilichomleta.

Uteuzi

Si kila bandiko linastahili kubanduliwa. Kosa la kawaida ni kuchagua yaliyopendwa na wengi. Hesabu ya mioyo na vidole gumba inapima msisimko wa saa moja. Bandiko la kukosoa kosa la sarufi katika bango la barabarani hupata vicheko mia, ilhali swali la utulivu juu ya asili ya neno "mtandao" hupata majibu manne, moja likiwa la fundi wa kusuka nyavu. Mhariri mwenye busara atamfuata huyo fundi. Kipimo ninachokipendekeza ni kuuliza kama jambo hilo litamfaa msomaji miezi sita baadaye. Matangazo ya mikutano iliyopita, pongezi na mzaha wa msimu yaachwe ukutani.

Kwa hiyo inafaa idara iweke daftari, la karatasi au la kompyuta, ambamo kila bandiko lenye thamani linaandikwa siku ile ile pamoja na tarehe, maneno kamili, maelezo ya picha, majibu muhimu na kama ruhusa imepatikana. Kusubiri hadi mwisho wa mwezi ndipo mtu aanze kutafuta ni kuitegemea kumbukumbu. Mitandao mikubwa, kama Facebook na X, humruhusu mwenye ukurasa kupakua nakala ya maandishi yake yote, na inafaa nakala hiyo ichukuliwe angalau kila muhula. Toleo moja libebe mada moja kuu, iliyokusanywa kutokana na mabandiko kadhaa, na mambo mawili matatu madogo. Matoleo yanayojaribu kubeba kila kitu hugeuka kuwa ukuta mwingine.

Mambo ya ufundi

Hapa tutapita haraka. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka wanaopeleka barua nyingi wathibitishe kwamba anwani yao ni yao kweli na wampe msomaji njia ya kujiondoa kwa hatua moja. Kwa Gmail, wingi unaohusika ni barua 5,000 au zaidi kwa siku. Idara zetu hazifiki huko, lakini utaratibu wenyewe ni mwema na unafaa kufuatwa. Gmail pia huukata ujumbe unaozidi kilobaiti 102 au karibu na hapo, na msomaji asiyebonyeza kuendelea hataiona sehemu ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo yenye majina ya waliochangia. Picha ziwe chache, na kila moja iwe na maelezo ya maneno yanayoweza kusomwa hata ikizuiwa. Hesabu ya waliofungua waraka isiaminiwe sana: tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kuupakua ujumbe kwa niaba ya mwenyewe hata kama hajausoma.

Orodha ya anwani isijazwe kwa majina ya watu waliohudhuria mkutano fulani mwaka fulani. Kila mmoja aombe mwenyewe kuingizwa, na akitaka kutoka atoke bila ya kuulizwa sababu. Kila toleo lipewe nambari na tarehe, mtajo wa tarehe za mabandiko yaliyolizaa uwekwe chini ya kila sehemu, na nakala moja ipigwe chapa na kupelekwa maktaba ya chuo, kwa kuwa kampuni inayotuhifadhia barua nayo ni ukuta wa mtu.